Jinsi ya kuandika au kuchora mtaa uliokulia bila kuishia kwenye "zamani kulikuwa raha"

Wengi wakitaka kuandika au kuchora walikotoka wanaanza na hisia, nimemisi nyumbani nimemisi bibi, ukurasa mmoja tu imeisha hiyo. Wewe anza na ramani. Chukua karatasi uchore mtaa ulivyokuwa enzi zako za shule ya msingi: bomba la maji, duka la mangi, kibaraza cha wazee wa bao, ile nyumba mliyokuwa mnapita mbio sababu ya mbwa. Usifungue ramani ya kwenye simu, itakuonyesha mtaa wa leo. Ukikwama, hukumbuki baada ya fundi cherehani kulikuwa na nini, weka alama, hapo ndo pa kwenda kuulizia.

Sasa kuuliza kwenyewe. Ukimuuliza bibi "zamani maisha yalikuwaje" atakwambia tulipendana sana mjukuu wangu, afu kimya. Muulize vitu. Muombe akufungulie sanduku la kanga, shika moja, bibi hii ulinunua lini na haya maneno ulikuwa unampelekea nani? Hapo utasikia ya mke mwenza, ya posa iliyorudishwa, ya jirani aliyehama usiku, yaani sanduku moja unatoka na stori za mwaka mzima. Rekodi kwa simu ila omba ruhusa kwanza, na akihama mada usimkate, mara nyingi stori yenyewe iko hukohuko alikohamia. Kisha muulize na mtu mwingine yaleyale. Wakipishana usihangaike nani muongo, andika zote mbili, mi naona penye kupishana ndo kuna utamu.

Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Zanzibar, akawa anatembeza vyungu vya mama yake kuuza, akahamia mjini 1911. Nyimbo zake na wenzie zilichota yanayotokea mitaani, kesi za mahakamani, wanyonge walioonewa, na 1928 akaenda kuzirekodi Bombay. Hakwenda kutafuta mada mbali, ilikuwa inapita mlangoni.

Wachoraji nao wasisubiri kanvasi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar kutafuta maisha, alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli kwa sababu ndo zilikuwepo, akafundisha ndugu na jamaa, alipofariki 1972 wao wakaendelea mpaka jina lake likawa jina la uchoraji wenyewe.

Uko mbali? Sio kisingizio, mwandishi Abdulrazak Gurnah alitoka Zanzibar bado kijana akaishi Uingereza na riwaya zake zikawa zinarudi pwani kila mara, hadi Nobeli ya Fasihi ya 2021. Tuma voisi kwenye grupu la familia, uliza duka la kona lilikuwa la nani, watabishana wenyewe we kazi yako kunukuu.

Ukimaliza rasimu irudishe kwa wenyewe, isome kwa sauti pale kibarazani. Wakikurekebisha jina la mti au bei ya maandazi, rekebisha. Wakinyamaza ghafla, uliza pembeni baadaye, sio mbele za watu. Na kama inamhusu mtu aliye hai badilisha jina, badilisha na kazi yake, halafu kama bado wanamtambua ndani ya sentensi mbili, hiyo iweke kabatini kwanza.