SOMO: Kisigino kinachouma ukikanyaga asubuhi (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Kila wiki swali ni lilelile: "Nikiamka nakanyaga chini, kisigino kama kimechomwa msumari, nikitembea kidogo kinaachia. Ni nini?" Naandika leo mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Chini ya wayo kuna ukanda mgumu ulioshikamana na mfupa wa kisigino, upande wa ndani, ukatawanyika mpaka mashina ya vidole. Ndio unaoshikilia upinde wa wayo. Ukilala, vidole huelekea chini na ukanda hukaa umejikunja usiku kucha. Ukishuka kitandani, uzito wote unauvuta ghafla palepale uliposhika mfupa. Ukishatembea kidogo unalainika, jioni baada ya kusimama kutwa unalalamika tena. Kwa hiyo si "baridi imeingia". Wala si gauti: gauti hupenda kiungo cha kidole gumba, kikavimba, kikawaka, hata shuka hutaki iguse.

Kupima: bonyeza kwa dole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, mbele kidogo. Ukiruka, ndipo. Maumivu yakiwa nyuma ya kisigino kwa juu, hilo ni kano jingine, na somo lake ni jingine.

1. Kabla mguu haujagusa sakafu. Kaa kitandani, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyote kwenye mashina, vivute kuelekea muundi mpaka ukipapasa upinde wa wayo uusikie umekaza kama ugwe. Hesabu 10, achia. Mara 10. Rudia mara mbili tena mchana, hasa kabla ya kuinuka ukiwa umekaa muda mrefu. Usipofikia vidole, pitisha kanga chini yake uvute.

2. Viatu vikae kando ya kitanda. Marumaru na saruji usikanyage peku. Malapa yaliyolika kisigino, tupa.

3. Shavu la mguu. Simama uso ukutani, mguu mbovu nyuma, kisigino chini, goti limenyooka. Sekunde 30, mara 3. Kisha kunja goti kidogo, rudia.

4. Chupa ya barafu. Nusu lita, maji robo tatu tu, ukijaza itapasuka ikiganda. Vaa soksi, iviringishe chini ya wayo dakika 5 hadi 10, jioni.

5. Kuinua visigino. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mwandishi yumo. Simama kwenye ngazi ya baraza, mbele ya miguu juu ya ngazi, visigino vikining'inia, mkono ukutani. Kunja taulo uiweke chini ya vidole ili vipinde juu. Bila taulo unafanyisha kazi shavu la mguu, ukanda unabaki kutazama. Panda kwa hesabu 3, tulia 2, shuka 3. Mara 12, mizunguko 3, miguu yote miwili. Ikiwa nyepesi, hamia mguu mmoja. Ikiwa nyepesi tena, vaa begi lenye vitabu na upunguze marudio yawe 10, mizunguko 4.

Namba 5 fanya SIKU MOJA NDIYO, SIKU MOJA HAPANA. Ukanda hujijenga siku ya mapumziko. Anayefanya kila siku kwa pupa, anayejidondosha badala ya kushuka, anayebeba begi wiki ya kwanza, wote hurudi hapa wakisema mazoezi yamewazidishia. Kipimo ni asubuhi inayofuata: hatua ya kwanza ikiuma kuliko jana, umezidisha, punguza. Kuuma kidogo wakati wa zoezi si tatizo.

Muda: wengi hupona bila kupasuliwa, lakini hesabu miezi. Maumivu haya ni kama wanavyosema kuhusu Tanga yetu, waja leo, kuondoka majaliwa. Dawa ya maumivu kama diklofenaki kila siku haiufundishi ukanda chochote, na huumiza tumbo na figo.

Nenda hospitali ukiwa na ganzi au kuwaka moto nyayoni, uvimbe na homa, maumivu yasiyotulia hata umelala, mlio wa "pwa!" ukifuatiwa na wayo kuvilia damu, au yameanza baada ya kuanguka mnazini.

---

Dereva_Ngamiani: Mkuu ndefu sana. Dawa ni ipi?

Jibu: Namba 1. Iko juu.

Bi_Raskazoni: Mwanangu, mimi mtu wa sukari. Hiyo barafu naiweza?

Jibu: Shikamoo bibi. Barafu acha, na maji ya moto pia acha. Sukari hufisha hisia za nyayo, ngozi inaweza kuungua usijue. Namba 1 na 3 fanya bila wasiwasi. Kila usiku tazama nyayo kwa kioo, na kidonda hata kidogo kipeleke kliniki siku hiyohiyo.

Mwl_Pangani: Eksirei imeonyesha mwiba wa mfupa. Si ndio unaochoma? Utolewe?

Jibu: Swali zuri, mwalimu. Watu wengi wanao mwiba huo na hawaumwi popote. Wengine wanaumwa na hawana. Unaweza kupona kabisa na mwiba ukabaki palepale. Tibu ukanda.

Chuma_cha_Pua: Nimefanya wiki nzima, hakuna kitu. Uongo huu.

Jibu: Namba 1 mara ngapi kwa siku?

Chuma_cha_Pua: Nikikumbuka.

Jibu: Basi umejijibu.

Abuu_S: Swali la pembeni. Kikao cha tahiyatu, vidole vya kulia vimekunjwa, si ni zoezi lilelile?

Jibu: Kwa mguu wa kulia, karibu sana. Wa kushoto umelazwa, haupati kitu, kwa hiyo akiumwa kushoto asitegemee sala peke yake. Alfajiri fanya namba 1 kabla ya kwenda kutawadha, na uende na malapa. Ukishindwa kukaa, suala la kiti muulize shekhe, si mimi.

Mzee_wa_Baiskeli: Kuendesha niache?

Jibu: Usiache, ni afadhali kuliko kutembea. Pedali ikae chini ya mashina ya vidole. Kupima urefu wa siti: ukiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Likibaki limekunjwa, pandisha siti.

Fundi_Viatu_Bara12: Makatambuga je? Soli ngumu ile.

Jibu: Ugumu ni mzuri, tatizo yako bapa. Bandika kipande cha raba sentimita moja chini ya kisigino.

Fundi_Viatu_Bara12: Viatu vyote viwili?

Jibu: Vyote, hata mguu mzima. Ukipandisha upande mmoja, nyonga itakuja kuuliza. Na kata raba kwa mteremko mbele, isimalizike kama ngazi.