Gari ya kwanza: jinsi ya kuchagua, kuhamisha kadi na kukata bima bila kupigwa

Leseni nilipata mwezi wa tatu, gari nikanunua mwezi wa tano, na mwezi wa sita nikawa nimeshamgonga mtu wa bajaji pale Sinza nikiwa narudi rivasi. Haikuwa ajali ya kutisha, ni taa ya nyuma na madigadi tu, na mimi bampa ikachanika. Trafiki akaulizia bima nikamwonyesha simu kwa kujiamini kabisa, maana aliyeniuzia gari aliniambia bima ipo mpaka mwezi wa kumi, tembea tu bosi. Na kweli bima ilikuwa hai. Ila jina lilikuwa la mtu mwingine, na wala sio aliyeniuzia, ni mwenye gari wa kabla yake, kwa hiyo nilipoenda kwenye kampuni nikaambiwa aliyekata bima aje mwenyewe, na huyo bwana simu yake hata haiiti. Nikatoa 280,000 mfukoni, nikamlipa mtu wa bajaji, bampa yangu nikaifunga na kamba wiki tatu.

Kwa hiyo hapa naandika utaratibu ambao nilitakiwa niufuate mimi, kwa mtu wa Tanzania Bara anayenunua gari ya mkononi akiwa na leseni bado mpya. Kuna mambo mtu anajifunza kwa gharama, haya wewe chukua bure.

Anza na bima kabla ya gari. Najua inaonekana kinyume lakini nisikilize. Bima kwetu zipo za aina mbili ambazo utazisikia kila siku, bima ndogo na bima kubwa. Ndogo ndio ile ya lazima kisheria, inamlipa uliyemgonga, yaani mtu akiumia au mali yake ikiharibika, gari yako wewe utajijua. Kwa gari binafsi ya kawaida mimi nililipa 118,000 kwa mwaka, yaani laki moja na VAT yake. Kubwa inachukua hiyo yote halafu inaongeza gari yako, ajali, moto, wizi. Kubwa inapigwa kwa asilimia ya thamani ya gari, mimi nilipigiwa 3.5 halafu juu yake VAT asilimia 18. Gari ya milioni 12 hapo ni 420,000, jumlisha VAT 75,600, unatoa 495,600.

Sasa kwa nini uulize mapema? Kwa sababu kampuni nyingi zina masharti kuhusu umri wa gari. IST zile za kwanza kwanza, za 2002 mpaka 2007, nyingi sasa hivi zimefikisha miaka ishirini, na ukienda na gari ya hivyo kutaka bima kubwa kuna wanaokataa moja kwa moja na kuna wanaokubali kwa masharti. Mimi niliambiwa nikiwa nimeshalipa gari. Pita kwa wakala wawili watatu, waambie nataka kununua gari fulani ya mwaka fulani, leseni yangu ina miezi miwili, mtanikatia kubwa? Na ekses ni shilingi ngapi? Ekses ni ile hela unayoanza kutoa mwenyewe kabla kampuni haijatoa yake, na bima nyingi zinaongeza ekses kama dereva ni mdogo kiumri au leseni ni mpya. Iko kwenye makaratasi, kwa herufi ndogo, wala hawakufichi, ila hawakusomei pia.

Ukishajua hilo ndio unagawa hela. Kama una milioni 12 mkononi usitafute gari ya milioni 12, tafuta ya kumi na nusu hivi. Kuna bima, kuna kuhamisha kadi ya gari (ile ya usajili) iwe jina lako, kuna oil na pleti za breki na tairi mbili ambazo muuzaji alisema bado nzima.

Kuhusu gari gani, hapa kila mtu ana dini yake. Ushauri wangu kwa dereva mpya ni chukua gari ambayo fundi wa mtaani kwako anaijua akiwa amefumba macho na spea zake ziko kwenye maduka ya Gerezani, Dar, zimejaa. Vitz, IST, Passo, Raum, basi. Vitz na Passo za cc 1000 kwenda chini zinanusa mafuta tu, na kama unaagiza Japan kuna sababu nyingine, ushuru wa bidhaa kwa cc hadi 1000 ni sifuri, ikizidi hapo hadi 2000 ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni asilimia 10. Halafu gari ikiwa na zaidi ya miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30 unaongezeka, ndio maana unaona gari ya zamani Japan bei chee ikifika bandarini inakuwa sio chee tena. Kabla hujatuma hela ingia kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato), weka aina, mwaka na cc, uone kodi kwanza. Ila kwa gari ya kwanza ambayo utaikwangua na kila nguzo ya geti mimi nasema nunua ya mkononi, ya kuagiza utaagiza ukishajua kupaki.

Siku ya kwenda kuiona mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti, kama ni ya moto jua kuna kitu, gari nyingi zenye ugonjwa zikiwa za moto zinatulia. Fungua kifuniko cha oil, ukikuta utando mweupe kama uji umeganda, maji yameingia kwenye oil, funga rudi nyumbani. Washa, sikiliza, angalia moshi wa mwanzo. Taa ya cheki injini iwake ukiweka swichi halafu izime injini ikiwaka, isipowaka kabisa ujue mtu ameichomoa. Chukua kasumaku kadogo pitisha kwenye milango na madigadi, pasipong'ang'ania kuna puti chini ya rangi. Na hii alinifundisha fundi wangu, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, chini kuna kitambaa chenye tarehe ya kutengenezwa, kama gari ni ya 2005 na mkanda mmoja ni wa 2009 uliza huo mkanda ulibadilishwa kwa ajali gani. Kilomita usiziamini, kila gari inayouzwa Dar ina kilomita elfu tisini. Mlipe fundi WAKO aipime na mashine, sio fundi wa dalali.

Gari ikishakupendeza, simama hapo hapo kwenye kadi. Kadi orijino, sio picha ya WhatsApp. Linganisha namba ya chasisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma nyuma ya injini, herufi kwa herufi. Kama muuzaji anakwambia kadi ipo nyumbani, ipo kwa shemeji, ipo Moshi, mara nyingi ipo kwa watu wa mikopo ya kadi za gari, na hela yako utakuwa unamlipia deni. Jina kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako na kitambulisho chake mkononi. Kama mwenye jina ni marehemu, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ni mtoto wa kwanza, hata kama familia nzima imekubali. Kama gari iliingia na msamaha wa kodi, kodi inadaiwa ikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, so muulize na uhakikishe TRA. Na ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa tms.tpf.go.tz uone faini, mimi nilikuta mbili, 60,000, nikakata kwenye bei. Dalali akikwambia road license (ile ada ya gari ya kila mwaka) imelipwa mwambie asante, ile ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta.

Mkataba wa mauziano unaandikwa kwa wakili, sio kwenye karatasi ya daftari pale baa. Mnaweka majina, namba za vitambulisho, namba ya gari, chasisi, bei, na nani analipa faini za nyuma. Hela pitisha benki, jina la akaunti liwe la aliye kwenye kadi. Chukua kopi ya kitambulisho chake, TIN yake (namba ya mlipakodi) na picha zake za pasipoti siku hiyo hiyo, kwa sababu ukimwacha akaondoka kumpata tena ni kazi, ana hela yako tayari.

Halafu TRA, kesho yake, usisubiri. Unapeleka kadi orijino, mkataba, TIN zenu wote wawili, kopi za vitambulisho na picha. Wanaihakiki, wanakupa kontro namba, yaani namba ya kulipia, unalipa. Mimi nililipa 50,000 ya kuhamisha, 10,000 ya kadi mpya na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo wanaweza wasiikubali ile mliyoandika wakitumia makadirio yao, kwa hiyo ule ujanja wa kuandika gari ya milioni 10 kuwa imeuzwa milioni 3 sio wa kuutegemea, na ukija kuibiwa mkataba huo huo ndio utakaoulizwa. Watu wengi sana wanaishia kwenye mkataba, wanatembea miaka na kadi ya jina la mtu. Mimi ndio nilikuwa huyo mtu.

Sasa bima yenyewe. Kadi ikishatoka na jina lako (au hata ukiwa na mkataba na risiti za TRA wakati unasubiri, waulize, wengi wanapokea) nenda kwa kampuni, wakala au dirisha la bima kwenye benki yako. Unajaza fomu ya maombi. Hii fomu ndio watu wanaijaza kama wanasaini kitabu cha wageni, na humo ndimo klemu, yaani madai ya kulipwa, zinapofia. Umepata leseni lini, andika ukweli. Nani mwingine ataendesha, mwandike mdogo wako kama anaichukuaga Jumapili. Matumizi ya gari, ukitiki binafsi halafu jioni unawasha app unabeba abiria, siku ya ajali hiyo safari itajulikana na hulipwi, bima ya teksi ni kundi lingine na bei nyingine. Kama bado una leseni ya kujifunzia, uliza kabisa kwa maandishi kama wanakulipa ukiwa umekaa na mwenye leseni pembeni.

Kwa bima kubwa watataka kuiona gari au kuipiga picha pande zote pamoja na dashibodi na chasisi. Thamani weka ya sokoni. Ukiishusha ili bima iwe ndogo, ikiibiwa watakulipa kwa hiyo hiyo uliyoandika, na ukiipandisha haisaidii kwa sababu wanaangalia bei ya soko siku ya tukio. Kama gari yako ni ya milioni 5 na ina miaka 20, mimi kwa moyo mweupe nasema chukua ndogo, ile tofauti weka pembeni ya kunyooshea bodi. Kama ni ya mkopo au ndio akiba yako yote ya maisha, chukua kubwa.

Lipa kwa kontro namba au akaunti ya kampuni, sio kwa namba ya simu ya wakala hata awe binamu yako, na bima haianzi mpaka hela iingie. Ukishapata ujumbe, kabla hujawasha gari, ingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, weka namba ya gari. Itakuonyesha kampuni, aina ya bima, inaanza lini na kuisha lini. Ikikosekana hapo huna bima, hata uwe na karatasi yenye nembo tatu. Mimi nilikaa kwenye parking ya benki naifungua mara mbili, mara ya tatu nikaiscreenshot.

Ukigonga au ukigongwa, usikubali yale ya tuyamalize hapa hapa kama una mpango wa kudai bima. Piga picha magari yakiwa yalivyo, piga simu polisi, aliyeumia aende hospitali na ichukuliwe PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), na wewe toa taarifa kwenye kampuni siku hiyo hiyo. Usipeleke gereji kutengeneza mpaka mkaguzi wao ameiona. Wakikuzungusha hadi uchoke, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, unapeleka malalamiko.

Kuhuisha ni juu yako, wakala wengine wanakumbusha wengine hawakumbushi, na trafiki anaingiza namba ya gari tu anaona imeisha jana. Weka alamu kwenye simu wiki mbili kabla. Ya kwangu inalia tarehe 4 mwezi wa saba asubuhi, na nimeiandika BAJAJI.