Flashi imetoka stationari, mafaili hayaonekani

Umetoka kuprinti Ngamiani, unachomeka flashi nyumbani unakuta shotikati tupu. Jamani, usiifomati! Angalia nafasi iliyotumika: kama GB 6 bado zimeliwa, mafaili yamo, kirusi kimeyaficha tu. Hizo shotikati usizibofye hata moja, ndizo zinazokiamsha.

Kwenye Windows fungua cmd (dirisha jeusi la kuandikia amri), andika hivi, nafasi kati ya maneno zikae zilivyo:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Ya kwangu huwa F. Bonyeza Enter, subiri. Picha za harusi ya dada zilirudi zote, na folda moja isiyo na jina. Skani na Defender, antivirus ya Windows yenyewe, futa shotikati.

Siku hizi stationari napeleka kiflashi cha GB 2, kina PDF ya kuprinti tu.