Kukokotoa ukubwa wa Rijili, nyota ya buluu-nyeupe ya kundinyota la Jabari

Rijili ni mguu wa Jabari, na jina lake la Kiarabu maana yake ni hiyo hiyo. Macho matupu yanaiona bila shida. Kujua ukubwa wake kunahitaji kikokotoo chenye kitufe cha log na namba nne: mwangaza unaoonekana 0.13 (kwenye kipimo hiki namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi); paralaksi, yaani pembe ambayo nyota huonekana kusogea Dunia inapolizunguka Jua, milisekunde 3.78 za tao (tao ni kipimo cha pembe). Jotoridi la uso, takriban kelvini 12,100. Na kipenyo kwa pembe, milisekunde 2.75 za tao. Hiyo ya mwisho iweke akiba.

Hatua ya 1: umbali. Geuza paralaksi iwe sekunde (0.00378), kisha gawa 1 kwa namba hiyo. Utapata parsek 265 (parsek ni kizio cha umbali wa nyota), yaani miakanuru 863 hivi. Ukipata 0.26 hukugeuza, hakuna nyota iliyo jirani na Jua kiasi hicho.

Hatua ya 2: mwangaza halisi, yaani ambao nyota ingekuwa nao ikiwa umbali wa parsek 10. Gawa umbali kwa 10, tafuta log yake, zidisha kwa 5, kisha toa kwenye 0.13. Jibu ni −6.98. Jibu la −16 linamaanisha umebonyeza ln.

Hatua ya 3: mwanga usioonekana. Wengi hupotea hapa. Gawa 2,898,000 (namba ya kanuni ya Wien) kwa jotoridi, 12,100: mnururisho wa nyota hii una kilele kwenye nanomita 240, ndani ya urujuanimno, mwanga ambao jicho halioni. Jicho linakosa sehemu kubwa ya nishati yake, kwa hiyo ongeza sahihisho la takriban −0.6. Sasa una −7.58.

Hatua ya 4: nguvu na nusukipenyo. Jua lina 4.74 kwenye kipimo hiki. Tofauti ni 12.32, izidishe kwa 0.4, na 10 ipandishe kwa kipeo hicho: nguvu ya Majua 85,000 hivi. Ukiruka hatua ya 3 unabaki na 49,000. Kipeuo cha pili cha 85,000, yaani 291, kigawe kwa mraba wa (12,100 ÷ 5,772), ambao ni 4.39; 5,772 ni jotoridi la uso wa Jua. Nusukipenyo ni mara 66 ya Jua.

Hatua ya 5: hakiki. Zidisha 0.00275 kwa 265. Jibu, 0.73, ni kipenyo kwa vizio astronomia (kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua), takriban kilomita milioni 109. Gawa kwa kipenyo cha Jua, kilomita 1,392,000: mara 78.

Kwa nini 66 na 78? Usilaumu umbali. Umbali unakuza nusukipenyo kwa kiwango kilekile katika njia zote mbili, kwa hiyo hauwezi kuleta tofauti hii. Na hata majibu yangelingana, umbali usingekuwa umethibitishwa. Tafuta kosa kwenye jotoridi, sahihisho la −0.6 au vumbi la angani linalofifisha nyota. Vumbi linalofifisha nyota kwa 0.15 tu kwenye kipimo cha mwangaza linapandisha 66 hadi 71. Kati ya namba hizo mbili ningeshika 78, kwa sababu pembe imepimwa moja kwa moja na haitegemei vumbi.