Injini ya kabureta inayomisi na kutetemeka: anza na cheche, kabureta iwe ya mwisho

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, na nimeona ni heri niliandike mara moja kwa utaratibu, ili kila atakayeuliza nimwelekeze hapa. Mwenye Corolla KE70, Peugeot 504 au Land Rover ya zamani akiona gari linatetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na kumisi, yaani silinda kuruka zamu yake ya kuwaka, likipanda kilima kuelekea Bugando, hufungua kabureta kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu iko juu na bisibisi inaifikia. Magari mengi niliyoletewa hapa Mwanza kwa ugonjwa wa kabureta yalikuwa na cheche dhaifu, au yalikuwa yanavuta hewa mahali pasipotakiwa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana hutajua ni kipi kilichoponya.

Hatua ya 1. Andika kwenye karatasi ni lini linamisi: likiwa baridi, likipata moto, kwenye sailensa, au likibeba mzigo.

Hatua ya 2. Safisha au badilisha chujio la hewa.

Hatua ya 3. Badilisha chujio la petroli, kisha kinga petroli kidogo kwenye chupa ya kioo mbali na moto na uiache itulie. Maji yakiwemo yatajitenga chini.

Hatua ya 4. Injini ikiunguruma, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mshiko wa mpira, na ncha ya waya uliochomolewa uigusishe kwenye chuma cha injini ili koili isiumie. Silinda isiyo na kasoro ikiondolewa kazini, mngurumo hushuka. Ile ambayo ukiichomolea waya hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa wako. Zima injini, toa plagi zote na uzipange kwa mfuatano wake. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, masizi makavu meusi yanaonyesha petroli imezidi, weusi wenye unyevu wa mafuta ni oili inayopanda, na weupe wa chokaa unaonyesha petroli ni haba au hewa imezidi.

Hatua ya 5. Fungua kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kikague kama kina ufa au mstari mweusi wa kaboni, kisha pima nafasi ya pointi, yaani vigusano vya ndani yake vinavyofunga na kufungua umeme, kwa filageji, zile bati nyembamba za kupimia nafasi. Injini nyingi za aina hii zinataka kati ya milimita 0.35 na 0.5, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Pointi zikitoa cheche kubwa na kuungua haraka, shuku kondensa, kile kikopo kidogo kinachozima cheche kwenye pointi.

Hatua ya 6. Weka taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, tena baada ya pointi, kwa sababu nafasi ya pointi ikibadilika taimingi nayo huhama.

Hatua ya 7. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi.

Hatua ya 8. Tafuta hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye kabureta. Hapa ndipo nilipoharibu, na naomba usome polepole. Corolla yangu ilikuwa inatetemeka, nami nikahisi hewa inaingia chini ya kabureta, nikachukua spana na kukaza nati za kitako chake. Haikupona, nikakaza zaidi, na kila nilipokaza hali ilizidi kuwa mbaya. Kitako cha kabureta ni aloi laini: ukikikaza kupita kiasi, masikio yanainama kuelekea chini na katikati panabaki uwazi, kwa hiyo nilikuwa naufungulia ugonjwa mlango kwa mikono yangu. Nilizunguka na gari hilo wiki tatu, nikanunua kabureta nyingine iliyotumika, ndipo mzee mmoja fundi akaniwekea rula ya chuma chini ya ile ya kwanza na kunionyesha mwanga ukipita. Tuliinyoosha kwa kuisugua juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo cha dirisha, tukaweka gasketi mpya, nami nikakaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka zikashika tu.

Kwa hiyo zingatia haya. Usitafute hewa ya wizi kwa kunyunyizia petroli: kwenye Corolla hizi manifoldi (bomba lenye matawi) ya kuingiza hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja, na tone likiangukia kwenye ekzosi yenye moto utaunguza gari na uso wako. Tumia bomba la sindano lililotolewa sindano, na udondoshe maji kidogo kwenye maungio ya kitako na ya manifoldi. Mngurumo ukibadilika, umepata tundu. Kagua pia kipande kinene cheusi kilicho kati ya kabureta na manifoldi, kwa maana hupasuka bila kuonekana, na mpira mnene unaoenda kwenye busta ya breki, kifaa kinachoiongezea breki nguvu. Ubane mpira huo kwa koleo: injini ikitulia, kasoro iko upande wa busta, na hilo ni suala la breki, usiliahirishe.

Hatua ya 9. Sasa gusa kabureta. Injini ikiwa imezimwa, ingiza skrubu ya mchanganyiko ukihesabu mizunguko, na usimame pale inapogusa tu, kwa sababu ukiikaza ncha yake itaingia alama na sailensa haitatulia tena. Irudishe ilipokuwa, washa injini mpaka ipate moto, kisha izungushe kidogo kidogo kutafuta mahali inapounguruma kwa kasi na utulivu zaidi.

MASWALI

Kutoka Igoma: Gari langu linatetemeka, nimeshabadilisha kabureta, shida nini?

Hukusema ni gari gani, linatetemeka lini, wala plagi zina rangi gani. Anza na hatua ya 1.

Kutoka Nyakato: Fundi wangu anasema hatua zote hizi ni kupoteza muda, jeti kubwa inamaliza kila kitu.

Jeti ni kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, na ikiwa kubwa huongeza petroli. Kama silinda yako haina cheche, petroli hiyo itaosha oili kwenye kuta za silinda na kuzichakaza ringi. Mimi nimeandika nilichokifanya kwa mikono yangu. Anayetaka jeti kubwa, gari ni lake.

Kutoka Sengerema: Shikamoo mzee. Nililileta gari kutoka Dar es Salaam likiwa zima kabisa, lakini huku plagi zinaingia masizi na petroli inaisha haraka. Je, yawezekana mahali penyewe pakawa sababu?

Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri sana. Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina uzito pungufu kwa karibu moja ya kumi ikilinganishwa na ya pwani. Kabureta hupima petroli kwa mvuto wa hewa inayopita kooni mwake. Hewa ikiwa nyepesi petroli nayo hupungua, ila haipungui kwa kiasi kile kile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Anza na skrubu ya mchanganyiko ya hatua ya 9. Masizi yakiendelea ukiwa safarini, jaribu jeti kuu iliyo ndogo kwa namba moja na usome plagi tena. Ukitumia geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi, toa inchi tatu hadi nne kwenye kipimo cha kitabu. Nguvu iliyopungua kwa sababu ya hewa, hata hivyo, hakuna jeti itakayoirudisha.

Kutoka Kirumba: Langu humisi alfajiri tu, hasa baada ya mvua, na jua likitoka linapona.

Huo ni unyevu. Kausha kifuniko cha distributa na nyaya kwa kitambaa, kisha usiku ufungue boneti gizani injini ikiwa imewaka: ukiona cheche za buluu zikitembea juu ya nyaya, badilisha nyaya zote kwa pamoja.

Kutoka Magu: Land Rover yangu ya Series III imefanyiwa yote hayo, kompresheni ya silinda moja iko chini na oili haikuipandisha. Inawezekana petroli ya siku hizi inahusika?

Inawezekana kabisa. Madini ya risasi yaliyotiwa kwenye petroli yalikuwa yakilinda viti vya valvu za ekzosi, na petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Viti visivyo vigumu huliwa, valvu inazama, nafasi ya tapeti, ule uwazi mdogo juu ya valvu, inaisha, na valvu isiyofunga vizuri huungua. Pima tapeti kwanza. Ukikuta ile ya ekzosi kwenye silinda hiyo haina nafasi kabisa, iweke sawa upime kompresheni upya. Isiporudi, hedi ishuke, na ukiipeleka kwa mchonga vyuma mwambie aweke viti vigumu upande wa ekzosi kwenye silinda zote nne.