Klipu ya siasa imetua grupu la ukoo, ufanyeje?

Juzi mjomba wa Kirumba karusha klipu grupuni, eti mkutano wa jana yake viwanja vya Furahisha, nyomi hilo, dakika kumi tu watu washatukanana vyama na shangazi kalefti. Mi nikaiangalia vizuri, watu wamevaa makoti mazito hadi shingoni, na siku hiyo Mwanza jua lilikuwa linachoma hadi dagaa wa mwaloni wanakauka wenyewe 😂

Sasa kabla hujajibu angalia juu ya meseji, ukiona vishale viwili ujue imeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kumfikia mjomba, yaani si yeye aliyeitunga, na tangu 2020 WhatsApp inakuruhusu kuifowadi kwa chati moja tu kwa mara. Halafu simamisha video, piga skrinishoti, ipeleke Google Lens uone kama picha ilishatokea zamani. Bando kidogo tu. Soma pleti namba za magari na mabango ya maduka pia.

Ukishajua usimwanike mtu mzima mbele ya wajukuu, atakaza tu. Nenda inboksi: "Shikamoo mjomba, ile klipu naona ya zamani, hebu icheki." Mjomba aliifuta mwenyewe.

Na TikTok nayo inakuletea unachokaa nacho muda mrefu, ukikaa kwenye matusi ya chama kile utaletewa matusi hadi uamini wote wako hivyo, kumbe jirani yako wa Igoma ni wa chama hichohicho na mnakopeshana chumvi kila siku.

Shangazi bado hajarudi, admini anambembeleza.