Amsterdam majira ya kuchipua: angalia kalenda kwanza

Ukipanga Amsterdam mwezi wa Aprili, chunga tarehe 27. Ni Siku ya Mfalme: mji mzima unavaa rangi ya chungwa, mifereji inajaa mashua za muziki na bei za hoteli zinapaa. Kama hupendi vurugu, nenda mwanzoni mwa Mei. Tulipu za Keukenhof, bustani kubwa ya maua nje ya mji, kwa kawaida bado zipo, na mbegu za miti ya elmi zinadondoka kandokando ya mifereji kama vipande vya karatasi. Tiketi za nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni wakati wa Vita Kuu ya Pili, huuzwa mtandaoni tu, kila Jumanne, kwa ziara za wiki sita mbele. Kivuko cha nyuma ya stesheni kuu ni bure. Halafu ile njia nyekundu ni ya baiskeli. Usisimame hapo kupiga selfi, watakupigia kengele bila kupunguza mwendo.